Barua kwa mwanangu anayekwenda Japani

Mwanangu Salma,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na mama yako nimemsomea wote. Unasema viza imetoka, ofisi inakupeleka Tokyo kisha Kyoto, na Jumamosi moja mwenyeji wako amekualika nyumbani kwake. Halafu ukauliza: "Baba, wewe uliishi kule. Watu wananitisha kwamba Wajapani wana masharti elfu. Nishike lipi nisije nikaonekana sikufunzwa?"

Shika hili. Huku kwetu Tanga heshima ni kumsogelea mtu. Unamsimamisha njiani, unamuuliza hali yake, ya watoto, ya kazi, na mkono wake huuachii mpaka salamu ziishe. Kule heshima ni kutomsumbua mtu. Jirani asiyekusemesha kwenye lifti hana kiburi wala chuki, anakuachia nafasi yako. Ukishika hilo, sehemu kubwa ya hayo masharti utayakisia mwenyewe kabla hujaambiwa.

Utaliona kwanza kwenye treni. Asubuhi behewa limejaa, watu wamebanana bega kwa bega, na bado unachosikia ni magurudumu na tangazo la kituo kinachofuata. Simu weka kimya, na ikiita usipokee. Shuka kwanza ndipo umpigie mtu. Begi la mgongoni livae mbele au liweke juu. Chini kwenye jukwaa kumechorwa alama za kupangia foleni: simama hapo, waache wanaoshuka washuke, kisha ingia. Njia nyingi za Tokyo zina mabehewa ya wanawake peke yao saa za msongamano, yameandikwa chini na kwenye milango. Yatumie. Kwenye ngazi za umeme watu wa Tokyo husimama kushoto, wa Osaka kulia, na Kyoto we mtazame aliye mbele yako. Treni za mwisho huondoka karibu na saa sita usiku, na teksi za usiku zitakumaliza fedha. Mlango wa teksi, kwa njia, dereva huufungua na kuufunga mwenyewe kutoka kitini kwake, usiuvute.

Kwenda Kyoto utapanda Shinkansen, ile treni ya kasi iliyoanza kati ya Tokyo na Osaka mwaka 1964. Ni kama saa mbili na robo. Ninalokuomba ni kuhusu sanduku lako, maana nakujua unavyofungasha. Sanduku ambalo urefu, upana na kimo chake ukivijumlisha vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti maalumu kilichokatiwa nafasi mapema kwenye njia hiyo. Nafuu zaidi ni kuwaachia watu wa hoteli ya Tokyo walisafirishe mpaka hoteli ya Kyoto. Kwa kawaida linafika kesho yake, nawe unasafiri na mkoba wa vitu vya usiku mmoja.

Sasa hiyo Jumamosi, ambayo ndiyo inayonishughulisha zaidi. Mjapani kumwalika mgeni nyumbani si jambo la kila siku. Wengi hukutana na wageni mkahawani. Kwa hiyo uichukulie kwa uzito wake.

Fika kwa saa mliyoagana. Usitangulie, maana utawakuta bado wanapanga vitu, na usichelewe hata robo saa bila kutuma ujumbe. Mlangoni kuna sehemu iliyo chini kidogo ya sakafu ya nyumba. Viatu vinaishia hapo. Hilo wewe hulihitaji kufundishwa, umekulia nyumba ambayo viatu vinabaki barazani. Yale madogo yanayofuata ndiyo ya kuangalia. Ukivua, panda juu moja kwa moja na soksi zako, usikanyage tena pale chini. Kisha piga goti kidogo ugeuze viatu vielekee mlangoni, ukae upande upande usimpe mwenyeji mgongo. Soksi ziwe safi na nzima. Utapewa sandali za ndani, vaa. Ukifika kwenye chumba cha tatami, yaani ile mikeka minene ya majani, sandali zinabaki nje na unaingia kwa soksi. Chooni utakuta sandali nyingine za choo tu. Badilisha ukiingia, na ukitoka zibadilishe tena, maana wageni wengi hurudi sebuleni wamezivaa.

Ukilala huko, utaandaliwa bafu, na mgeni hupewa nafasi ya kwanza. Lile beseni kubwa la maji ya moto si la kuogea sabuni. Unakaa kwenye kigoda pembeni, unajisugua, unajisuuza mpaka povu lote liishe, ndipo unaingia kupumzika. Maji yale yale yatatumiwa na watu wote wa nyumba baada yako, kwa hiyo usije ukang'oa kizibo. Ukimaliza funika beseni, basi.

Mabafu ya umma ya chemchemi za moto ni habari nyingine. Kule watu huoga bila nguo kabisa, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Kwa dini yetu hilo unajua mwenyewe. Wenzako wakikualika, washukuru useme utawasubiri nje, hakuna atakayekushikilia. Ukitamani sana yale maji, sehemu nyingi hukodisha bafu la faragha kwa saa moja. Waambie hotelini wakutafutie.

Chakula usikiache mpaka mezani. Leo hii, ukimaliza kusoma barua, mwandikie mwenyeji wako kwamba huli nguruwe na hutumii pombe hata ndani ya chakula. Iandike hiyo ya mwisho waziwazi, kwa sababu mapishi yao mengi hutiwa mirin au sake, pombe zao za mchele, jikoni na mpishi hafikirii kwamba hiyo ni pombe. Ukimwambia mapema umemsaidia. Ukimwambia sahani ikiwa mbele yako umemuaibisha nyumbani kwake. Mikahawani jihadhari na tambi za ramen, supu yake mara nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe hata kama juu pameandikwa kuku au mboga. Samaki na wali vitakufaa, ila uliza michuzi imetiwa nini.

Mezani subiri wote wawe tayari, useme "itadakimasu", shukrani yao ya kabla ya kula, pamoja nao, na mkimaliza "gochisōsama deshita". Vijiti usivisimamishe kwenye bakuli la wali, hivyo ndivyo wali wa marehemu unavyowekwa. Wala usimpokeze mtu chakula kijiti kwa kijiti, kwa kuwa baada ya kuchoma maiti jamaa huokota mifupa kwa vijiti kwa namna hiyo. Haya mawili yanawagusa kwelikweli, mengine ya vijiti watakusamehe. Kijiti kikikushinda omba uma. Wali umalize bakulini. Tambi zivute kwa sauti ukipenda, hakuna ubaya, ila pua usipenge mbele yao, ondoka kidogo.

Zawadi chukua kahawa yetu. Kule kahawa ya Tanzania inauzwa kwa jina la Kilimanjaro na watu wanaijua vizuri, kwa hiyo ukiwaletea kutoka hapahapa ina maana. Nunua pakiti ndogo kadhaa zilizofungwa vizuri, kwa sababu na ofisini nako utapeleka. Itoe mfukoni ukishakaribishwa ndani, uitoe kwa mikono miwili. Asipoifungua mbele yako usivunjike moyo, ndiyo desturi. Nyama ya aina yoyote na matunda mabichi usibebe, maembe ya shangazi yako yabaki nyumbani. Uwanjani watakunyang'anya.

Ofisini, kadi ya jina ipokee kwa mikono miwili, isome, iache mezani mbele yako mpaka kikao kiishe. Usiandike juu yake wala usiitie mfuko wa nyuma. Kikao cha saa tatu asubuhi uwe umefika dakika kumi kabla. Halafu jizoeze kunyamaza. Ukisema jambo wakakaa kimya, usikimbilie kujaza ule ukimya, wanafikiri. Mtu akiitikia kwa kichwa anakuambia nakusikia, hajakubali bado. Na akivuta pumzi kati ya meno akasema jambo lako "ni gumu kidogo", basi amekataa, usimng'ang'anize. Sisi watu wa pwani nasi hatupendi kumkatalia mtu usoni, kwa hiyo lugha hiyo utaielewa upesi kuliko wenzako wa bara.

Kyoto utatamani kupiga picha kila kona. Mtaa wa Gion una vichochoro vya watu binafsi vilivyofungiwa watalii, na mabango yanataja faini ya yeni 10,000. Wale wasichana wenye kimono, vazi lao la jadi, na nyuso zilizopakwa nyeupe ni watumbuizaji walio njiani kwenda kazini, usiwazibie njia wala kuwagusa nguo. Kwenye mahekalu ingia kwa utulivu, vaa nguo za stara, tazama. Hulazimiki kuinama wala kupiga makofi wanapoomba. Simama pembeni uwapishe.

Wewe sala yako usihofu. Viwanja vikubwa vya ndege vina vyumba vya kuswalia, na Tokyo upo msikiti wa Tokyo Camii karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, ulioanza 1938 na kujengwa upya mwaka 2000. Ijumaa ukipata nafasi nenda. Kibla kule ni magharibi ukipinda kidogo kaskazini, si kaskazini kama hapa. Na kuhusu maji, jambo ambalo najua ulitaka kuliuliza ukaona haya: vyoo vyao vingi hukusafisha kwa maji kwa kubonyeza kitufe. Kile chekundu au chenye kamba usikiguse, mara nyingi ni cha kuita msaada.

Mapipa ya taka barabarani utayatafuta sana. Mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo, Machi 1995. Beba mfuko mdogo, taka zako rudi nazo hotelini. Beba na leso ya mkono, vyoo vingi havina cha kukaushia. Bakshishi usitoe popote. Ukiacha chenji mezani mhudumu atakukimbilia nayo. Dukani fedha huwekwa kwenye kile kisahani mbele ya mwenye duka. Noti uwe nazo kidogo kwa sababu mikahawa midogo bado hutaka taslimu, na mashine za kutolea fedha kwenye maduka ya 7-Eleven hukubali kadi za benki za nje. Chaja yako itahitaji adapta ya pini mbili bapa. Umeme wao ni volti 100, kwa hiyo pasi ya nywele iache.

La mwisho lisome pamoja na mama yako: dawa. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine nyingi haziruhusiwi kuingia Japani, na za kikohozi zenye codeine zina mpaka mkali. Usitupie tu kwenye begi vidonge vilivyobaki kabatini. Dawa za daktari beba za mwezi mmoja kwa wingi, kwenye pakiti zake, pamoja na cheti. Kwa zile za pumu zako, kamuone mfamasia wiki hii akuandikie viambato vyake kwa Kiingereza, halafu nipigie picha karatasi hiyo niione.

Pasipoti tembea nayo kila siku, sheria yao inataka hivyo kwa mgeni. Polisi ni 110, ambulensi na zimamoto 119. Simu ikilia king'ora cha tetemeko, ingia chini ya meza ushike mguu wake, usikimbilie nje. Ukitulia tuma neno, hata kama kwetu ni usiku wa manane. Kule mmetutangulia saa sita.

Wasalaam,
Baba yako