Re: Flopi za mzee hazisomeki, na je naweza kugawa gemu zake?

Mambo mkuu. Kwa hiyo flopi (zile diski za zamani za kompyuta) zilikaa stoo hapo Kirumba, Mwanza, ukichomeka Windows inataka ufomati, na unauliza kama gemu za ndani unaweza kuwagawia watu kwa vile ni za zamani.

Usifomati! Kwanza sogeza kile kibati kinachofunika diski, zungusha diski taratibu kwenye mwanga, ukiona madoa meupe huo ni ukungu, sisi wa ziwani tunaujua, usiichomeke maana itachafua hedi (kisomeo cha ndani ya drive) halafu iharibu na zile nzima. Zilizo safi, kitundu cha pembeni kiwe wazi zisiandikwe, ndo ukopi. Drive yako bila kuiona siwezi kuisemea, ijaribu na flopi nyingine.

Kugawa sasa, uzee hauondoi hakimiliki. Mfano gemu ya Doom ya 1993, id Software walioitengeneza waliachia msimbo wake (source code) 1997 lakini ramani na picha za gemu kamili bado zina mwenyewe, ile shareware (toleo la bure la kujaribu) ya sehemu ya kwanza tu ndo ruksa kusambaza.