Mkuu, hicho ulichopima ni kilima, redio bado

Rudisha hela mfukoni kwanza. Umesema ulisimama kilima hiki, mwenzako kilima kile, kilomita 11 katikati, mkasikilizana "kama tuko chumba kimoja", na sasa unataka kununua redio kumi za mkono kwa ajili ya kundi lenu la kutembea msituni. Usinunue.

Kosa hilo nimelifanya mimi. Nilipanda juu, ndugu yangu akapanda upande wa pili, tukasalimiana umbali wa kilomita 9, nikarudi kichwa kimevimba. Boksi lilidai kilomita 30, nami nikajiona mjanja kwa kutoliamini: si nimejipimia mwenyewe? Nikachukua nane. Wiki mbili baadaye tukashuka bondeni, miti imeshonana, majani yamelowa mvua. Mmoja wa kundi la nyuma akateguka kifundo cha mguu. Wakaita. Wakaita tena. Sisi tulikuwa mbele yao kilomita moja na nusu hivi, nyuma ya mgongo wa kilima, tunapiga soga, redio zimewashwa, kimya. Tukadhani kimya maana yake wako salama. Tulikuja kujua baada ya saa mbili, kijana mmoja alipotufikia akihema. Akanitazama, akaitazama redio kiunoni kwangu, hakusema kitu. Tangu siku hiyo kundini naitwa Mnara. Nimelizoea, maana kulikuwa na majina mabaya zaidi yaliyopigiwa kura.

Kipimo cha kilimani nilifundishwa na aliyeniuzia. "Panda juu bosi, utaamini mwenyewe." Nitaachaje kuamini huko juu! Nilipomrudia na malalamiko akasema kosa langu ni kuchukua za wati 2, ningechukua za wati 5. Yaani nimpe hela ya pili anizibie tundu alilotoboa yeye. Wati hazitoboi mlima, jamani. Hata pakiwa wazi kabisa, kupata umbali mara mbili kunataka nguvu mara nne, na mkiwa wote chini karibu na ardhi inaweza kufika mara 16. Kutoka wati 2 hadi 5 ni mara mbili na nusu tu. Utakachokiona haraka ni betri kuisha.

Kinachoamua ni kilichopo katikati yenu. Nyingi ya redio hizi zinatumia UHF, yaani masafa ya juu sana ya redio, MHz 400 na ushee, na mawimbi hayo husafiri karibu kama mwanga. Ukiwa umeshika redio mita 1.5 kutoka ardhini kwenye uwanda mtupu, upeo wako, yaani mpaka pale ardhi inapojipinda na kukuzuia, ni kama kilomita 5. Mwenzako naye 5, jumla 10, na hiyo ni hesabu ya karatasi isiyo na mti, ukuta wala tumbo la mtu. Ukipanda kilima unaongeza upeo huo, basi. Siku ya safari kilima hukibebi.

Kwa hiyo pima pale pabaya kabisa mtakapopita. Mmoja akae bondeni, mwingine atembee mpaka ikate. Redio ikae kiunoni kama itakavyokaa siku yenyewe, asiiinue juu kama mwenge. Kila baada ya hatua 200 asome namba yoyote aliyoibuni hapo hapo, mwenzake airudie. "Nakupata" isihesabiwe, mtu husema nakupata hata akisikia mkwaruzo mtupu. Namba ikikosewa mara mbili, hapo ndipo mwisho wa redio yako, na usianze kusogea kushoto kidogo, kulia kidogo, ili uipe maksi za huruma. Nilifanya hivyo mimi, nikajidanganya mita 300 nzima.

Zile nane zangu za kilomita 9? Bondeni zilikata kwenye mita 1,100. Tukaanza kuacha mtu mmoja juu ya mgongo wa kilima apokee na kurusha maneno, na hadi leo tunazitumia.

Azima redio mbili, shuka bondeni, rudi utuambie zimekata mita ngapi.