Tangu arobaini iishe, mke wangu hana raha

SWALI: Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza wiki 11 zilizopita. Kwa siku 40 za mwanzo mama mkwe alikuwa nasi, akimkanda kwa maji ya moto, akimpikia uji wa pilipili manga na kumbeba mtoto usiku. Tangu aliporudi kwao Lushoto, mke wangu hushinda kitandani akiutazama ukuta. Hali vizuri, na hata mtoto akilala yeye hapati usingizi. Juzi aliniambia kwamba mtoto huyu angekuwa na bahati kama angepata mama mwingine. Dada yangu anasema anadeka, na jirani anasema ni mkono wa mtu. Tulipokwenda kliniki ya wiki ya 10 mtoto alipimwa uzito, akachomwa sindano, tukarudi nyumbani. Nifanye nini?
Baba wa mtoto mmoja, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, hayo uliyoyaeleza yanafanana sana na sonona ya baada ya kujifungua, yaani huzuni nzito isiyoisha, ambayo ni ugonjwa na ina tiba. Wazazi wengi hulialia bila sababu katika siku za mwanzo, kisha hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, au ikianza baadaye kama ilivyotokea kwenu, haifai kuisubiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na aghalabu huwa ni sonona.

Jambo lililonishtua zaidi katika barua yako ni huo usingizi. Mama aliyechoka tu, ukimpokea mtoto, hulala pale pale alipoketi. Anayeshindwa kulala wakati nyumba imetulia na mtoto amelala huyo anaumwa, wala hadeki.

Maneno yake ya juzi usiyapuuze. Leo hii, mkiwa wawili tu, muulize kwa upole lakini waziwazi kama huwa anafikiria kufa au kumdhuru mtoto, kwa sababu kuuliza hakumpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo, bali humpa nafasi ya kulitua. Akikubali, asiachwe peke yake, sumu ya panya na dawa zote ziondolewe nyumbani, na mwende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akianza kusikia sauti, kusema mambo yasiyoeleweka au kukesha akihangaika bila kuchoka, kwani hicho ndicho watu wanachokiita kichaa cha uzazi, nacho hakingoji kupambazuke.

Hata kama atasema hana mawazo hayo, mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa wiki hii, na wewe uingie naye chumbani kwa daktari, maana huenda akaulizwa hali akajibu “nzuri” kama tulivyozoea sote. Ombeni aonwe na watu wa afya ya akili, na apimwe pia wingi wa damu na tezi la shingo, kwa kuwa upungufu wa damu na hitilafu za tezi hilo huweza kuleta uchovu na huzuni za namna hii. Tiba huweza kuwa mazungumzo na mshauri, dawa, au vyote viwili. Ziko dawa zinazotumika mama akiwa ananyonyesha, kwa hiyo asimwachishe mtoto kabla ya kuzungumza na daktari. Nazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, basi msizikatize.

Kuhusu arobaini, nina maoni yangu. Wazee waliiweka kwa busara kubwa, lakini siku ya 41 hatuna budi kukiri kwamba mama bado ni yule yule, ila mikono iliyomsaidia imeondoka. Mikono hiyo sasa iwe yako. Mpokee mtoto kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane, ukimpelekea anyonye tu na kumrudisha kwako, ili mama apate saa chache za mfululizo, hata kama atazipitisha macho wazi mwanzoni. Mpigie mama mkwe simu umweleze ukweli. Akiweza kurudi kwa wiki mbili, arudi.

Jirani mshukuru, uishie hapo. Dada yako mwambie aje Jumamosi asubuhi na khanga ya kumbebea mtoto, zile nepi zilizorundikana zinamsubiri.