Je, kisa cha Sara na Hajiri kinaturuhusu kumtafuta mwanamke wa kutuzalia?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi na mume wangu tuna miaka tisa ya ndoa na hatujajaliwa mtoto. Mwezi uliopita wifi yangu mkubwa alisema mbele ya mama mkwe kwamba msichana wetu wa kazi, mwenye miaka 19, amzalie mume wangu mtoto, nami nimlee kama wangu, kwa kuwa Sara alifanya hivyo na Mungu hakumkemea. Mume wangu alinyamaza. Je, Biblia inaruhusu jambo hili? Na je, ni sawa na yale ya hospitalini, ya mwanamke kumbebea mwenzake mimba?

JIBU: Amina, dada yangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na lililonikaa moyoni ni lile neno dogo kwamba mume wako alinyamaza. Nitalirudia baadaye, kwa maana hata katika kitabu cha Mwanzo ukimya wa mume ni sehemu kubwa ya kisa.

Kwanza tumtendee Sara haki. Wahubiri wengi humlaumu kwamba alikosa imani, lakini tukisoma sura kwa mfuatano wake tunaona kwamba katika sura ya 15 Mungu alimwahidi Abramu, mume wa Sara, mrithi atakayetoka katika viuno vyake mwenyewe, bila kusema mama yake atakuwa nani. Sara hatajwi katika ahadi hiyo mpaka sura ya 17. Alikuwa ameishi Kanaani miaka kumi akingoja, na alilolifanya lilikuwa njia iliyojulikana katika nchi za kale za mashariki. Katika hati ya ndoa iliyochimbuliwa Nuzi, karibu na Kirkuk nchini Iraki, mke anatakiwa, asipozaa, amtafutie mumewe mwanamke mwingine wa kumzalia. Sheria ya 146 ya Hammurabi, mfalme wa Babeli, inazungumzia mjakazi ambaye kuhani wa kike amempa mumewe, naye akiisha kuzaa akajiona sawa na bibi yake: bibi hana ruhusa ya kumwuza, ila anaweza kumrudisha katika hesabu ya watumwa. Ukiisoma sheria hiyo utatambua kwamba ugomvi wa Sara na Hajiri, mjakazi wake aliyempa mumewe, haukuwa jambo la ajabu la nyumba moja, kwa kuwa watunga sheria walikuwa wameuona mara nyingi kiasi cha kuuandikia kifungu.

Basi, wifi yako anasema kweli kwamba Sara alitenda hivyo. Anapokosea ni pale anapoligeuza tendo lililosimuliwa kuwa kibali. Mwanzo inasimulia pia Nuhu akilewa na Yakobo akimdanganya baba yake kipofu, na hakuna anayesema kwamba kwa hiyo nasi tumeruhusiwa. Mwandishi wa Mwanzo ni mtu wa maneno machache, na mara nyingi hukumu yake haiko katika kukemea bali katika matokeo anayoyaweka mbele yetu.

Yatazame matokeo hayo. Sara alisema, “labda nitapata uzao kwa yeye.” Hakupata. Mtoto alipozaliwa, Maandiko yanasema Hajiri alimzalia Abramu mwana, na hakuna mahali popote ambapo Ishmaeli anaitwa mwana wa Sara. Kabla hata hajazaliwa, bibi alikuwa amedharauliwa, mjakazi ameteswa, na mume ameondoa mkono wake akisema mjakazi yu mkononi mwa Sara, amtendee apendavyo. Baadaye, Isaka, mwana aliyezaliwa na Sara mwenyewe, alipoachishwa kunyonya, Hajiri na Ishmaeli walifukuzwa wakiwa na mkate na kiriba cha maji, wakapotea katika jangwa la Beer-sheba, na Abrahamu, ambaye sasa alimpenda mwanawe huyu, aliona neno hilo kuwa baya sana.

Huenda utaambiwa kwamba kwa Raheli, mke wa Yakobo, mambo yalikwenda vizuri zaidi. Kwa upande wa desturi ni kweli: mjakazi wake Bilha alipojifungua, Raheli mwenyewe ndiye aliyewapa watoto majina, Dani na Naftali, wakahesabiwa kuwa wake. Lakini jina la Naftali lenyewe linatokana na neno la kushindana, na aliyeshindana naye ni dada yake, Lea, mke mwenzake, ambaye naye akamleta mjakazi wake Zilpa. Watoto wakawa kura za mashindano ya akina dada wawili. Tena, akiwa tayari na wana wawili wa Bilha, Raheli bado anatafuta tunguja za Reubeni, mwana wa Lea, apate mimba, na ni siku anapomzaa Yusufu tu ndipo anaposema Mungu ameiondoa aibu yake. Hapa huwa nasimama kila ninapofundisha sura hii. Mtoto aliyepatikana kwa mwili wa mwingine hakuwa ameiponya ile aibu, kwa sababu aibu haikutokana na mikono mitupu peke yake. Ilitokana na jinsi watu wa nyumbani walivyompima mwanamke kwa tumbo lake.

Sasa huyo msichana wenu. Katika sura yote ya 16, Sara na Abramu hawamtaji Hajiri kwa jina hata mara moja wanapozungumza. Ni “mjakazi wangu” na “mjakazi wako”. Hakuna aliyemwuliza kama anataka. Wa kwanza kumwita kwa jina ni malaika wa Bwana, kisimani, jangwani, na anamwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Naye Hajiri, mtumwa na mgeni kutoka Misri, ndiye mtu wa kwanza katika Maandiko anayesimuliwa kumpa Mungu jina: Mungu aonaye. Sitaficha kwamba malaika alimwambia arudi akanyenyekee chini ya bibi yake. Ni neno gumu, na sidai kulimaliza hapa. Lakini msichana wa miaka 19 anayekula kwenu na kulipwa na ninyi hana uhuru wa kukataa, na kumwingiza mumeo kwake ni uzinzi na ni uonevu pia, hata familia nzima ikikubali.

Kuhusu yale ya hospitalini uliyoyauliza, hayafanani na kisa cha Hajiri. Hajiri alikuwa mama kamili wa Ishmaeli, tena Maandiko yanasema alipewa Abramu awe mkewe. Katika njia ya hospitali kiini tete hutengenezwa maabara na kupandikizwa, bila mume kumwendea mwanamke mwingine. Kanisa Katoliki liliikataa kwa maandishi mwaka 1987, na miongoni mwetu Waprotestanti mawazo yamegawanyika. Mimi naiogopa hasa pale mwanamke maskini anapokodishwa tumbo lake. Wakurya wa Mara wana nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto huoa binti ili amzalie. Hapo pia ningeanza kwa kumwuliza huyo binti.

Nendeni hospitali ninyi wawili, na mumeo apimwe pia. Ugumba huwapata wanaume vilevile, ingawa katika koo zetu jina la utasa humwangukia mke kabla daktari hajasema lolote.

Narudi kwenye ule ukimya. Raheli alipolia, “Nipe wana, kama sivyo, nitakufa mimi,” Yakobo alimghadhibikia. Abramu alisikiliza, akatenda, kisha akajitoa. Isaka peke yake kati yao ndiye aliyemwomba Bwana kwa ajili ya mkewe, Rebeka, na kwa hesabu ya Mwanzo alikaa miaka 20 tangu kuoa hata kupata watoto, bila kumleta mjakazi yeyote. Msomee mumeo Mwanzo 25:21, mwombe mwende pamoja kwa mchungaji wenu, na umwambie kwamba yeye ndiye anayepaswa kumjibu dada yake, mbele ya mama yake, kama wewe ulivyosemwa mbele ya mama yake.