Ukurasa wa utafutaji usiotaka kuondoka

Waalaikum salaam, dada. Umesema kila ukifungua Chrome kwenye kompyuta ya nyumbani hapo Wete unapelekwa kwenye ukurasa wa utafutaji usioujua, na ukiuondoa unarudi. Basi ipo programu inayourudisha. Fungua orodha ya programu za Windows, ipange kwa tarehe, uondoe usiyoitambua iliyoingia karibu na siku tatizo lilipoanza. Nyingi hujipenyeza pamoja na programu za bure za kupakulia video.

Kisha kagua alama ya Chrome kwenye deskitopu. Hapa ndipo wengi wanapopasahau. Ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, usome mstari wa Target. Ukiona anwani ya tovuti imebandikwa baada ya chrome.exe, ifute.

Zima usawazishaji (sync) wa akaunti ya Google ndani ya Chrome kabla ya kufuta viendelezi, yaani programu ndogo zilizoongezwa kwenye Chrome, usivyovitambua, la sivyo vitarudi vilevile. Halafu rejesha mipangilio ya mwanzo ya Chrome. Mwisho pitisha AdwCleaner, programu ya kusaka na kuondoa vitu kama hivi, ya kampuni ya Malwarebytes: ni ya bure, ndogo, haitakumalizia bando. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe tu, tafadhali. Na usiingie akaunti ya benki kwenye kompyuta hiyo mpaka isafike.