Ukigundua umeuziwa uongo, zima mashine kwanza

Pawatila, trekta dogo la kusukuma kwa mkono, niliinunua Igurusi kwa milioni 4.2. Wiki moja baadaye, nikiwa kwenye majaruba yangu ya mpunga Ubaruku, maji ya kupoza injini yakaanza kuvuja. Fundi akakwangua rangi kidogo: bloku, yaani mwili wa injini, ina ufa, umezibwa kwa gundi ya chuma. Na muuzaji alikuwa ameniandikia WhatsApp, "Kaka, injini haijawahi kufunguliwa."

Kosa langu lilikuja hapo. Mvua zilikuwa zinakimbia, basi nikawa najaza maji kila saa na kulima hivyo hivyo siku kumi na moja.

Nilipofika kwa mwanasheria wa msaada wa kisheria mjini Mbeya, hakuuliza bei. Aliuliza, "Mzee, baada ya kujua, uliendelea kuitumia?" Nikanywea.

Alinifafanulia hivi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 19, haisemi mkataba wa uongo umekufa wenyewe. Wewe uliyedanganywa ndiye unayechagua. Unaweza kuuvunja, ukarudisha mali na kudai hela yako. Au unaushikilia, ukidai uwekwe pale ambapo ungekuwa kama yale maneno yangekuwa kweli. Ila mtu anayejua amedanganywa kisha akaendelea kulima anaonekana ameshachagua kubaki na mashine. Kwangu ikabaki njia ya pili: gharama za matengenezo, milioni 1.1.

Muuzaji naye alikuwa na lake: "Mbona hukukagua?" Swali hilo msilidharau. Aliyesema jambo akiamini ni kweli, kumbe si kweli, anaweza kujikinga nalo, na aliyenyamaza tu vilevile, kama wewe ungegundua kwa uangalifu wa kawaida. Anayetamka uongo anaoujua hana kinga hiyo. Ndiyo maana ule ujumbe wa WhatsApp ulikuwa na thamani kuliko risiti, na fundi nilimwomba apige picha ufa kabla hajaugusa. Ingekuwaje kama ningekuwa nimefuta meseji, kama ninavyofutaga simu ikijaa!

Polisi? Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni jinai, na unaweza kuripoti huku ukidai. Lakini kesi ile ni ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Mahakama inaweza kuamuru ulipwe fidia, ila mimi nisingeweka msimu mzima rehani kwa hilo. Muda wa kudai kwa mkataba ni miaka 6, na palipo na udanganyifu huhesabiwa tangu ulipogundua au ulipoweza kugundua kwa uangalifu wa kawaida.

Tuliandika notisi ya siku 14, na nakala za meseji na makadirio ya fundi. Siku ya kumi na mbili akapiga simu, sauti imelainika. Tukaandikishana mbele ya mashahidi, alipe kwa awamu. Laki mbili za mwisho aliomba alipe kwa mchele. Nilikubali, ila gunia nilimwaga lote kwenye turubai kabla ya kusaini.