Kuhusu mwinjilisti wa Simanjiro

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza kama kikundi chenu cha maombi mkubali kumlipa mwinjilisti shilingi 300,000 kila mwezi kwa miaka miwili, apande kanisa kwa wafugaji wa Simanjiro. Nimefurahi kwamba mmeguswa. Ila kabla hamjachanga, nisikilize.

Ulikuwa bado mdogo sisi akina mama tulipobeba mtaa mmoja mpya wa kanisa. Tulipeleka mabati, tukapeleka saruji, na posho ya mwinjilisti ilikwenda kila mwezi. Wenyeji hawakuombwa hata debe la mahindi. Taarifa zilikuja nzuri: wameongezeka kumi, wameongezeka ishirini. Hatukuuliza wanatoka wapi, kumbe wengi walihama tu kutoka kanisa la jirani. Mwaka tuliposhindwa kuchanga, mwinjilisti akaondoka na mlango ukafungwa. Siku nyingine nilipita pale, nikakuta jengo limekuwa ghala. Nililia, mwanangu, maana kosa lilikuwa letu. Tuliwafanya watu wale wageni ndani ya nyumba yao.

Tangu hapo humkumbuka sana Apolo Kivebulaya, Mganda aliyekwenda kuhubiri Mboga, ambako leo ni Kongo, mwaka 1896. Mali hakuwa nayo. Alipigwa, akatiwa gerezani, akatoka, akarudi kulekule. Chifu Tabaro aliyemtesa naye alikuja kubatizwa. Apolo akawafundisha wenyeji, nao wakawa walimu wa wenzao. Alipofariki mwaka 1933 kazi haikufa naye. Waanglikana wa Kongo mpaka leo wanahesabu mwanzo wao kwake.

Basi huyo wenu muulizeni. Anajua Kimaasai? Wazee wa boma wamempokea? Yeye anamwandaa nani wa palepale ashike kazi baada yake? Na daftari la sadaka, nani mwingine analishika? Hilo la mwisho akilikwepa, msiendelee.

Mkiridhika, toeni kwa moyo. Wafilipi walimtumia Paulo msaada zaidi ya mara moja akiwa Thesalonike, na hakuona haya kuwashukuru. Lakini ningekuwa mimi, fedha zile ningezigawa: ada ya vijana wawili wa huko wasome chuo cha Biblia, Biblia za Kimaasai, na posho ya mwinjilisti ipungue kadiri waumini wanavyoanza kumtunza wenyewe. Mfugaji ana mbuzi, ana maziwa. Kumhesabu kuwa hana cha kumtolea Mungu ni kumdharau, na sipendi wewe uwe mmoja wa wanaomdharau.

Msitume chochote kwa simu kabla ya kwenda. Laleni huko siku mbili tatu, mketi nao Jumapili chini ya mti, msikie wanavyoomba. Ukishapanga safari nijulishe mapema, tutakwenda wote.

Mama yako